Mtoro wa Dunda: mwandishi au mtoa habari?

Mwaka 1903, mjini Göttingen, Ujerumani, kilichapwa kitabu cha Kiswahili kiitwacho Desturi za Wasuaheli. Ndani yake kuna karibu kila kitu kuhusu maisha ya Mrima ya zamani: uzazi, chuo, jando, harusi, ngoma, pepo, utumwa, mazishi na sheria. Lakini ukikitafuta maktabani, mara nyingi utaelekezwa kwenye herufi V, yaani Velten. Carl Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani Dar es Salaam, baadaye akawa mwalimu wa Kiswahili Berlin. Wasomi nao kwa miaka mingi wameandika tu "Velten 1903" na kuendelea na shughuli zao.

Sasa, sehemu kubwa ya kitabu hicho iliandikwa na mtu wa huku huku kwetu: Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Dunda, Bagamoyo. Sisi tunaokaa Mapinga, Kerege na Zinga tunakwenda Bagamoyo kwa daladala, kwenye masomo, sokoni au mahakamani, na jina lake hatulisikii. Tunaonyeshwa Kaole, Boma na Caravan Serai. Mwandishi hatuonyeshwi.

Tuanze na asili yake, maana hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu. Mtoro alizaliwa karibu mwaka 1869. Kwa ukoo alikuwa Mzaramo. Lakini kitabu kinahusu "Waswahili", na anaandika kama mtu wa ndani, si kama mgeni anayechungulia. Je, alikuwa Mzaramo au Mswahili? Kwa watu wa Mrima wa wakati ule, swali hilo lisingekuwa gumu. Mtu aliweza kuwa vyote viwili. Ukisoma chuoni, ukakaa mjini, ukavaa na kuzungumza kama watu wa mji, ukashika dini, mji ulikupokea.

Tusidanganyane, lakini, kwamba mji huo ulikuwa wa watu sawa. Kulikuwa na mwungwana na mshenzi, na chini yao wote kulikuwa na mtumwa. Hata watumwa walipangwa: mjinga, aliyeletwa juzi kutoka bara, hakuwa sawa na mzalia. Kitabu chenyewe kinaeleza hayo bila haya. Mtoro naye hakuwa nje ya mpango huo. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu kingine cha Velten cha mwaka 1901, kuna habari yake ya safari ya Udoe na Uzigua. Humo anawaeleza Wadoe na mila zao kama watu wengine kabisa, ingawa Udoe si mbali na Bagamoyo. Yaani kabla Mzungu hajamfanya yeye kuwa wa kutazamwa, yeye mwenyewe alikuwa na watu wake wa kuwatazama.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Ngazi za Mrima, pamoja na ukatili wake, zilipandika. Mtu wa bara, au mtoto wake, au mjukuu wake, aliweza kuwa mwungwana. Ngazi aliyoikuta Ulaya haikuwa na vidato.

Mwaka 1900 Mtoro alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwenye Seminari ya Lugha za Mashariki, chuo kilichoanzishwa mwaka 1887 na kilichowaandaa maofisa wa koloni. Fikiria hilo: Wajerumani waliotaka kuja kututawala walijifunza lugha kwa mtu wa Dunda. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi nyumbani. Walipofika, serikali ya gavana von Götzen haikumruhusu kushuka na mkewe. Mtu mweusi mwenye mke Mzungu angeishushia utawala heshima machoni pa wenyeji, ndivyo walivyoona. Wakarudi Ujerumani. Mwaka 1906 ndoa za aina hiyo zikapigwa marufuku kabisa katika koloni hili.

Mtoro baadaye alifundisha Hamburg, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara kuhusu Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927. Hakurudi tena nyumbani.

Naona mambo mawili haya, meli na jalada la kitabu, ni jambo moja. Maarifa ya Mtoro yaliruhusiwa kuvuka bahari, tena mwaka ule ule wa 1903 yakatafsiriwa Kijerumani. Mwenye maarifa ndiye aliyekuwa tatizo. Alipoandika, aliitwa mtoa habari. Aliyekusanya na kuhariri ndiye aliyeonekana mtaalamu. Mgawanyo huo haukutokana na nani kashika kalamu, maana kalamu aliishika Mtoro. Ulitokana na rangi.

Mambo yamebadilika, ndiyo, ila polepole. J.W.T. Allen alikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri ilipotoka mwaka 1981 ilimtaja Mtoro pamoja na "Waswahili wengine". Mwaka 2009 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilitoa kitabu cha Ludger Wimmelbücker kuhusu maisha yake. Miaka zaidi ya mia moja ilipita kabla ya Mtoro kupata kitabu chake kilichochapwa nyumbani.

Na sisi je? Leo watafiti wanakuja vijijini na dodoso, wakiuliza mipaka ya zamani, makaburi, mizimu, nani alikuwa wa kwanza kulima wapi. Huku Mapinga, ambako mashamba yanakatwa viwanja kila mwezi, mzee anayejua hayo ni hazina. Anaongea saa mbili, kisha kwenye tasnifu anakuwa "mhojiwa namba 7". Sisi waandishi wa habari hatuko mbali, tunaandika "mzee mmoja alisema". Wakati mwingine jina hufichwa ili kumlinda mtu, na hiyo ni haki. Lakini aulizwe kwanza. Wengi wangependa watajwe.

Na mwanafunzi anayeandika tasnifu kuhusu Mrima anaweza kuanza na jambo dogo. Pale alipozoea kuandika Velten peke yake, atangulize Mtoro bin Mwinyi Bakari.