TV GEMU ZA KASETI: MBONA HAZIFI?

Juzi nilikuwa hapa Tinde njia panda, pale barabara ya Shinyanga na Mwanza inapoachana na ya Kahama. Nikakuta madogo wawili wamebanana kwenye benchi, kila mmoja na pedi yake, macho kwenye TV ya chogo. Wanacheza Contra! Gemu ya kwenye kaseti tangu 1988, wao hawajazaliwa (na mimi pia).

Kwa wasiojua, TV gemu zetu ni kopi ya Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa kule Japani tarehe 15 Julai 1983. Marekani iliingia 1985 kwa jina la NES. Jumla ziliuzwa karibu milioni 62, ila sisi wengi orijino hatujawahi kuitia machoni. Tulizoshika ni za kuiga, za Taiwan na China. Mafundi wa huko walibana karibu mashine nzima ndani ya chipu moja ya bei chee, imefunikwa tone jeusi la gundi. Ndo maana zilitufikia.

Kiboko yao ilikuwa PolyStation. Kwa nje unaona PlayStation kabisa, ukifunua kifuniko cha CD unakuta pa kuchomeka kaseti! Wangapi tulilizwa hapo? Na ile kaseti ya "9999999 in 1", gemu ni chache tu zinajirudia kwa majina mengine.

Halafu tuache uongo wa kupuliza kaseti. Pumzi ina unyevu, inaozesha vile vyuma vya chini. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya.

Sasa mbona bado watu wanacheza? Wengine watasema ni kumbukumbu za utotoni, lakini wale madogo wana kumbukumbu gani? Mi naona siri ni zile pedi mbili. Hakuna bando, hakuna kujisajili, hata Kiingereza hakihitajiki. Na mnategemeana kweli kweli. Contra hatua ya tatu, ile ya maporomoko ya maji, mwenzako akiruka juu haraka picha inapanda naye, wewe uliyebaki chini umekufa. Hapo ndo ugomvi unapoanza! Gemu ya vifaru nayo (Battle City ya 1985) mnalinda tai mmoja, ukikosea risasi unampiga tai wenu mwenyewe, mmekwisha wote. Umeme ukikatika mnaanza moja.

Siku hizi kuna kidude cha mkononi kimeandikwa SUP 400 in 1, ndani ni gemu zilezile. Unaunga hata kwenye TV flati, poa tu.

Ila bunduki ya bata ndo basi. Ile bunduki haitoi kitu, ni jicho. Ukifyatua, kioo kinakuwa cheusi kufumba na kufumbua, halafu pale alipo bata kinatokea kiboksi cheupe. Jicho likiona mwanga, bata chini. TV flati inachelewesha picha kidogo, mwanga unafika jicho limeshamaliza kuangalia. Bata anapita anakucheka.

Kwa hiyo mwenye TV ya chogo asiwauzie watu wa vyuma chakavu kwanza. Huko kwenu bunduki bado inaangusha bata?