Siku Zilizorukwa

Rifampisini ilitoka kwenye udongo. Mwaka 1957, watafiti wa kampuni ya Lepetit, mjini Milan, walikuta katika udongo wa pwani ya kusini mwa Ufaransa bakteria anayetoa kemikali inayoua bakteria wenzake. Kutokana na kemikali hiyo ikapatikana rifampisini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa inatibu kifua kikuu. Ilikuwa na nguvu, lakini bei yake haikushikika.

Ili kubana gharama, baadhi ya madaktari walijaribu kutoa dozi kubwa mara moja au mbili tu kwa wiki. Wagonjwa wengi walivumilia. Wengine, saa chache baada ya kumeza, walishikwa na homa na baridi kama ya malaria. Wachache sana walitokwa na madoa ya zambarau kwenye ngozi, au damu puani na kwenye fizi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa zimeporomoka. Taarifa zake zilichapishwa Uingereza mwaka 1970 na 1971.

Ninaposoma habari hizo, kinachonishika ni zile siku za katikati. Mwili ulikuwa umetengeneza kingamwili dhidi ya dawa, na mapumziko yaliupa muda wa kujiandaa. Dawa iliporudi, kingamwili zilizishambulia chembe sahani. Kwa wanaomeza kila siku, balaa hilo lilikuwa nadra zaidi.

Miaka hiyohiyo, utafiti uliofanyika Afrika Mashariki ulionyesha kwamba rifampisini ya kila siku, pamoja na dawa nyingine, ingeweza kufupisha matibabu kutoka miezi 18 hadi 6.

Shangazi yangu alipokuwa kwenye dozi, kumeza kila asubuhi alikuita kifungo. Muuguzi alimwambia mkojo utakuwa na rangi ya chungwa, asiogope, si damu. Hakuna aliyemweleza kwa nini mtu aliyeacha dawa kwa wiki kadhaa asijianzishie tena mwenyewe nyumbani, bali arudi kliniki kwanza. Tuliambiwa juu ya usugu wa vimelea, na ni kweli. Lakini damu nayo ina kumbukumbu. Ndiyo maana mgonjwa ambaye rifampisini imemshushia chembe sahani husimamishiwa dawa hiyo mara moja, na hapewi tena maishani.