Mfahamu Miller Fisher, daktari aliyeisoma ishara ya kiharusi kwenye jicho

Jicho moja linaingia giza ghafla. Dakika chache baadaye linaona tena, na mtu anaendelea na shughuli zake. Wengi husema ni uchovu tu.

Daktari Charles Miller Fisher wa Kanada hakuona hivyo, na ndiyo maana leo madaktari huichukulia hali hiyo kama onyo la kiharusi.

Kutoka kambi ya mateka

Fisher alizaliwa mwaka 1913 mjini Waterloo, jimbo la Ontario. Alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1938, kisha vita ikamkuta akahudumu katika jeshi la majini. Aprili 1941 meli aliyokuwemo, HMS Voltaire, ilizamishwa na Wajerumani katika Bahari ya Atlantiki. Alipona, lakini alikaa mateka zaidi ya miaka mitatu.

Baada ya vita akabobea kwenye magonjwa ya ubongo.

Mgonjwa aliyembadilisha

Akiwa Montreal alikutana na mgonjwa aliyepooza upande mmoja. Mgonjwa huyo akamweleza kuwa kabla ya kupooza, jicho la upande wa pili lilikuwa likipoteza uwezo wa kuona kwa muda, kisha linarudi.

Fisher akaunganisha mambo. Ubongo wa kushoto huendesha mwili wa kulia, na wa kulia huendesha kushoto. Kwa hiyo jicho lile na sehemu ya ubongo iliyoathirika vilikuwa upande mmoja, na vyote hupata damu kupitia mshipa mkubwa wa shingoni, karotidi.

Akaanza kuchunguza mishipa ya shingo ya watu waliofariki. Mwaka 1951 akachapisha matokeo: karotidi iliyoziba husababisha kiharusi, na huenda siku moja upasuaji ungesaidia. Ndani ya miaka michache tu, upasuaji huo ukaanza.

Alichotuachia

Mwaka 1954 alihamia Hospitali Kuu ya Massachusetts, Boston. Kati ya kazi zake:

- Alieleza dalili za kiharusi cha mpito, kile kinachokuja na kupita.
- Alichambua viharusi vidogo vya ndani ya ubongo vinavyohusishwa na shinikizo la damu.
- Mwaka 1980, yeye na wenzake walitoa kipimo cha kusoma damu iliyovujia kuzunguka ubongo kwenye picha za CT scan. Kipimo hicho, kinachoitwa kwa jina lake, huwasaidia madaktari wa wagonjwa mahututi kujua nani yuko hatarini mishipa yake ya ubongo kujibana.

Fisher alifariki Aprili 2012 akiwa na miaka 98.

Wewe ufanye nini?

Uso ukipinda, mkono ukiishiwa nguvu, maneno yakigoma au jicho likiingia giza ghafla, wahi hospitali. Hata kama hali imepita, usisubiri irudi.