Jina Moja kwa Mada Moja: Historia Fupi ya Vichwa vya Mada Maktabani

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi orodha ya maneno teule yanayotumiwa kupanga katalogi za maktaba ilivyozuka, na jinsi neno lake moja lilivyopata upinzani barani Afrika.

Mwaka 1876 Charles Ammi Cutter, mkutubi wa Marekani, alichapisha kanuni zake za katalogi. Alishikilia kwamba kila mada iwe na jina moja, na majina mengine yamwelekeze msomaji kwenye jina hilo. Sababu ni dhahiri: vitabu vya mada moja vikitawanywa chini ya majina matatu, msomaji hupata sehemu tu akadhani amepata vyote. Cutter alishauri pia kwamba jina liteuliwe kwa kufuata mazoea ya wasomaji. Kwa misingi hiyo Maktaba ya Congress, Washington, ilitoa orodha yake ya kwanza kati ya 1909 na 1914, nayo ikaenea katika nchi nyingi.

Hapo ndipo linapozuka swali: mazoea ya wasomaji gani? Orodha hiyo ilikuwa na kichwa "Kafirs". Neno hili si geni kwetu. Ni lile la Kiarabu lililotupa "kafiri", yaani asiyeamini. Wareno walilipokea kwa Waislamu wa pwani, na hatimaye walowezi wa Afrika Kusini wakalifanya tusi kwa Mwafrika yeyote. Sanford Berman, Mmarekani aliyekuwa mkutubi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alitambua huko, kwa wenzake Waafrika, uzito wa tusi hilo. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kilichochambua vichwa vingi vya namna hiyo. Baadhi vimebadilishwa tangu hapo: "Negroes" kiliachwa katika miaka ya 1970, na "Illegal aliens" mwaka 2021, baada ya mabishano ya miaka kadhaa.

Ni dhahiri, basi, kwamba kosa halimo katika kudhibiti maneno, bali katika kuwaachia wageni peke yao uteuzi wake. Wala jina la zamani halifai kufutwa kabisa. Libaki kama kielekezi, ili vitabu vya kale visipotee. Lakini jina la kusimamia liwe lile ambalo watu hujiita wenyewe. Kulithibitisha jina hilo na kulikabidhi kwa wakutubi ni kazi yetu wanaisimu.