Nani Aliyemfunza Fundi? Donald McKay Katika Sijili za Nasaba

Mtu atakaye kumjua fundi wa merikebu aliyefariki zamani, ambaye vyombo vyake navyo vimekwisha kuzama, au kuteketea, au kuvunjwavunjwa kwa kutafutwa shaba iliyomo, hana budi kufungua madaftari ya namna mbili: daftari la vyombo, liwekwalo forodhani, na daftari la watu, liwekwalo kanisani, mahakamani na kwa makarani wa miji. La kwanza litamweleza fundi huyo aliunda nini na lini; la pili litamweleza alikuwa mwana wa nani, alimwoa binti ya nani, na alizikwa katika ardhi ipi. Wengi hulisoma la kwanza wakatosheka nalo, kwa kuwa lina fahari ya matanga na mbio za bahari; lakini khabari za Donald McKay, mhamiaji aliyetoka katika kijiji cha wavuvi na wakulima akawa miongoni mwa waundaji mashuhuri kabisa wa merikebu katika Marekani ya karne ya kumi na tisa, ni ushahidi wa kutosha kwamba asomaye daftari moja hupata nusu ya mtu, na kwamba jibu la swali kubwa kupita yote, yaani nani aliyemfunza fundi huyu, limo katika daftari lile lisilo na fahari.

Na tuanze forodhani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1792 iliagiza kwamba merikebu mpya isiandikishwe mpaka seremala mkuu aliyeiunda atoe hati yenye sahihi yake, akikiri kuwa ni yeye aliyeiunda, mahali fulani, katika mwaka fulani, kwa ajili ya tajiri fulani. Na kwa hati za namna hiyo McKay hufuatwa chombo kwa chombo, tangu alipofungua uwanja wake wa kuundia merikebu huko East Boston mwaka 1845. Humo ilitoka Stag Hound mwaka 1850. Humo ikatoka Flying Cloud mwaka 1851, iliyokwenda kutoka New York mpaka San Francisco, kwa kuizunguka Rasi ya Horn, kwa siku 89, na mwaka 1854 ikaikata safari ile ile kwa siku 89 tena, ilhali vyombo vingi vya wakati huo vilitumia miezi minne na zaidi. Mwaka 1853 ilishuliwa Great Republic, yenye urefu wa futi 335 na milingoti minne. Nayo, kabla haijafunga safari yake ya kwanza na shehena, ikashikwa na moto New York mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Kisha McKay akawaundia matajiri wa Liverpool merikebu za kuchukulia watu Australia, na mojawapo, Champion of the Seas, ikasifiwa mwaka 1854 kwa kukata maili 465 za baharini katika siku moja.

Yote hayo daftari la vyombo layahifadhi kwa uaminifu. Lakini hata katika hayo mna kimya kimoja ambacho msomaji mwenye hadhari atakitia akilini. Katika sijili ya Flying Cloud limeandikwa jina la nahodha, Josiah Creesy, wala halimo jina la Eleanor, mkewe, ambaye ndiye aliyepima jua na nyota na kuonyesha njia kutoka bandari hata bandari. Sijili ilikuwa na mahali pa nahodha. Mahali pa rubani aliyekuwa mke wa nahodha haikuwa napo. Kimya hiki tutakutana nacho tena, na mara ya pili kitakuwa kizito zaidi.

Sasa tuligeukie daftari la watu. Na hapa kanuni ya wachunguzi wa nasaba ni moja, nayo ni kuanza na kinachojulikana kisha kurudi nyuma hatua kwa hatua, pasipo kuruka kizazi. Kaburi la McKay liko Newburyport, katika mkoa wa Essex, Massachusetts, katika makaburi ya Oak Hill; alifariki tarehe 20 Septemba 1880 katika shamba lake la Hamilton, mkoa huo huo, hali mali yake imekwisha kupungua, kwani matanga yalikuwa yakishindwa na moshi. Kwa bahati njema ya mchunguzi, dola ya Massachusetts ilikuwa imekwisha kuamuru, tangu mwanzo wa miaka ya 1840, kwamba kila mji upeleke serikalini nakala ya vizazi, ndoa na mauti. Na hesabu ya watu ya Marekani ya mwaka 1850 ilikuwa ya kwanza kumwandika kila mtu huru wa nyumba kwa jina lake, umri wake na mahali alipozaliwa. Watumwa wa kusini waliandikwa katika karatasi nyingine, kwa umri, jinsia na rangi, pasipo majina. Na wazao wao hata leo hupata taabu kubwa kupita mahali hapo. Sijili, basi, hukumbuka kwa kadiri ya macho ya yule aliyeichora mistari yake.

Safu ile ya mahali pa kuzaliwa ndiyo imfikishayo mchunguzi Nova Scotia, katika Kanada ya leo. Na hapo njia huwa nyembamba. Huko serikali haikuanza kuandika vizazi mpaka mwaka 1864, na Donald alizaliwa tarehe 4 Septemba 1810, katika kijiji cha Jordan Falls, karibu na mji wa Shelburne. Mchunguzi hana budi kuziendea sijili za makanisa na hati za ardhi, ambazo katika mji huo ni nyingi, maana Shelburne ulianzishwa mwaka 1783 na watu walioshikamana na mfalme wa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani, na walipohamia huko waligawiwa viwanja kwa hati. Miongoni mwa waliofika baada ya vita hivyo alikuwamo mwanajeshi wa Kiskoti aitwaye Donald McKay. Mwanawe akaitwa Hugh, na mwana wa Hugh akaitwa Donald. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa desturi hiyo ya mjukuu kuwa somo wa babu yake, na anajua pia taabu yake: majina yale yale huzunguka ukoo mzima, hata asiyeangalia tarehe humvika mjukuu matendo ya babu.

Mwaka 1826, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano au kumi na sita, Donald alikwenda New York na kuwa mwanagenzi katika uwanja wa Isaac Webb, muundaji aliyetoa mafundi wengi hodari. Uanagenzi wa siku zile ulifungwa kwa hati: kijana alijitia chini ya amri ya fundi kwa miaka kadhaa, naye fundi akachukua dhamana ya kumfunza kazi. Hati ya namna hiyo ni johari kwa mchunguzi, hususan kwa kuwa hesabu ya watu ya mwaka 1830 ilimtaja kwa jina mkuu wa nyumba peke yake na wengine wote ikawatia katika idadi. Kijana asiye na nyumba ni tarakimu. Lakini katika hati ya uanagenzi ana jina, ana bwana, ana kazi.

Na bado swali letu halijajibiwa. Uwanjani kwa Webb kijana alifunzwa tezo na shoka, keekee na nyundo, kuweka mkuku, kusimamisha mataruma, kupiga mbao na kuzikalafati. Na ujuzi huo wa mikono watosha kumfanya mtu seremala mwema. Lakini merikebu za New York na Boston hazikuundwa kwa jicho, kama mafundi wa Lamu na Zanzibar wanavyounda majahazi kwa urithi wa macho na kipimo cha mkono. Ziliundwa kwanza kwa kiolezo kidogo cha mti, cha upande mmoja wa chombo, kilichofanywa kwa mbao nyembamba zilizopangwa moja juu ya moja. Kiolezo kikafunguliwa, kila ubao ukapimwa, na vipimo hivyo vikakuzwa na kuchorwa kwa ukubwa wa chombo chenyewe juu ya sakafu ya dari pana, na kila taruma likakatwa kwa kuufuata mchoro. Kosa la upana wa ukucha katika kiolezo huwa kosa la shubiri katika merikebu. Kazi hiyo yataka hesabu na handasi, na mwana wa mkulima wa Jordan Falls alizipata wapi?

Jibu limo katika ndoa yake. Mwaka 1833 Donald alimwoa Albenia Martha Boole, binti ya muundaji wa merikebu, aliyekulia katika nyumba ambamo michoro ya vyombo ilikuwa maneno ya kila siku. Naye Albenia ndiye aliyeketi na mumewe akamfunza aljebra na hesabu ya pembetatu, na namna ya kuchora umbo la chombo kabla halijaguswa na shoka. Hebu na tulifikiri jambo hili kwa utulivu. Wale waliomsifu McKay kwa omo kali za vyombo vyake, zilizopasua maji badala ya kuyasukuma, walikuwa wakisifu mistari iliyopimwa kwa ilimu aliyoipata kwa mkewe. Ilimu ya waundaji huenda kwa damu, kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, au huenea kati ya ndugu na ndugu, kama kwa Donald na nduguye Lauchlan, aliyetunga kitabu cha uundaji wa merikebu mwaka 1839 na baadaye akawa nahodha wa merikebu Sovereign of the Seas. Lakini huenda pia kwa ndoa, na ndoa ni mlango ambao shajara zetu nyingi, zenye kuhesabu baba na mwana na mwana wa mwana, haziuonyeshi.

Mwaka 1841 Donald alikuwa Newburyport, akishirikiana na William Currier. Mwaka 1844 akamwundia Enoch Train, tajiri wa Boston, merikebu iliyoitwa Joshua Bates, naye Train akamvuta kwenda East Boston, ambako jina lake lilienea. Miaka mitatu baada ya kufungua uwanja huo, mwaka 1848, Albenia akafariki. Na mwaka uliofuata Donald akamwoa Mary Cressy Litchfield. Hapo ndipo kile kimya cha kwanza kinaporudi. Hesabu ya watu ya mwaka 1840 iliwataja wakuu wa nyumba peke yao, na Albenia alikuwa amekuwa binti katika nyumba ya baba na mke katika nyumba ya mume; hesabu ya mwaka 1850, iliyowataja wote, ilimkuta kaburini. Mwanamke huyu, basi, hana mstari wenye jina lake katika hesabu yoyote ya watu ya Marekani. Na lau angaliishi miaka miwili zaidi, safu ya kazi isingalimfaa kitu, kwa kuwa mwaka ule iliagizwa kujazwa kwa wanaume waliopita miaka kumi na mitano.

Kwa nini jambo hili litushughulishe sisi, tulio mbali na Boston? Kwanza, pwani ile na pwani yetu zilijuana: Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, alifunga mkataba na Wamarekani mwaka 1833, mwaka ule ule wa ndoa ya Donald na Albenia, na merikebu za Salem, bandari iliyo kati ya Boston na Newburyport, zilileta Zanzibar nguo ambayo hata leo twaiita merikani. Pili, na hili ndilo kubwa, sisi nasi tuna mafundi wa kuwatafuta, na kosa lile lile latungoja. Mtepe wa babu zetu ulishonwa kwa kamba wala haukupigwa misumari, na kamba hiyo ilitokana na makumbi yaliyofukiwa matopeni, yakapondwa, yakasokotwa. Na kazi ya makumbi katika pwani yetu imekuwa mikononi mwa wanawake tangu zamani. Mwenye kuandika nasaba ya fundi wa Lamu au Pate akawaorodhesha baba zake mpaka wa saba, asiulize mama yake alikuwa binti ya nani wala nani aliyesokota kamba iliyoshika mbao zile, atakuwa ameandika chombo kisicho na mshono.

Kwa hiyo atakayemwendea mzee aliye gudini kuuliza khabari za kazi yake, na aulize maswali mawili zaidi ya yale yaliyozoeleka: mkeo ni wa ukoo gani, na wakwe zako walikuwa na fani gani. Na amwendee pia bibi aliye nyumbani, akae chini, asikilize, aandike jina lake kwa herufi kamili.

Donald McKay ana kaburi linalojulikana, na vyombo vyake vina kurasa katika kila kitabu cha merikebu. Albenia ana ndoa ya mwaka 1833 na mauti ya mwaka 1848. Kati ya tarehe hizo mbili mna miaka kumi na mitano; na ni ndani ya miaka hiyo, kabla ya Flying Cloud kuwekewa mkuku, ndimo alimoundwa fundi mwenyewe.