Barafu ya moto na ngazi ya Fahrenheit

Bandugu, ku masomo tulishika kwamba maji inaganda ku 0. Iko kweli nusu.

Tarehe 2 Machi 1721, kule Amsterdam, Fahrenheit aliacha kachupa ka maji ya mvua, kamefungwa, mu baridi ya digri 15 za kipimo chake (karibu −9 za Selsiasi). Asubuhi: maji tu! Akavunja ncha, barafu ikajaa palepale. Akatia kipimajoto: 32. Kumbe joto ilipanda. Kwanza alizani sababu ni kukosa hewa. Siku ingine akajikwaa ku ngazi, kachupa kakatikisika, maji ikaganda. Nalipenda sana lile teke.

Miaka kama 40 kisha, Joseph Black wa Glasgow alieleza: maji inafichaka joto, inaiachilia ikiganda.

Mu jikoni ni vilevile. Tia bikabonati (ile mama anatiaka mu maharagwe) polepole mu vinegri, povu iishe. Chemsha mu sufuria ya inoksi mpaka utando uonekane juu, funika, acha ipoe kabisa bila kutikisa. Dondosha punje ya chumvi iliyokaukia pembeni. Chumvi hiyo inayeyukaka ku digri 58. Ikiganda, sehemu ya joto uliyoitia inarudi mu mukono yako.