Bima inamtibu bibi. Nani anamtunza?

Nyumba ya zamani ya Kariakoo unaijua: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, jiko na choo uani. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa bima ya uzee. Bibi anakaa chumba kimoja, vingine anapangisha. Kodi inamlisha, na akiugua hakosi jirani wa kumpelekea uji.

Bima ya serikali ilichelewa sana. Ujerumani ilianzisha bima ya afya ya lazima kwa wafanyakazi wake mwaka 1883, na kufikia 1891 Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya koloni lake. Mpagazi wa bandarini hapa hakuwamo.

Baada ya uhuru tulitibiwa bure hospitali za serikali, mpaka uchangiaji ulipoanza 1993. NHIF ikaanza kazi 2001: asilimia 6 ya mshahara, nusu ya mwajiri, nusu ya mfanyakazi. Mtego unauona? Bima ilifuata mshahara. Mwalimu wa serikali aliweza kumwandikisha mama yake kama mtegemezi. Muuza nguo wa Mtaa wa Kongo hana mwajiri wa kumchangia nusu. Kwa mama wa huyu, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliahidi msamaha: matibabu bure kwa mwenye miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo. Ila msamaha usio na fungu la kuulipia huishia dirisha la dawa.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Ni hatua kubwa. Lakini bima ya afya hulipia daktari, vipimo, dawa na kulazwa. Kumwogesha mzee, kumlisha, kumgeuza kitandani usiku? Hiyo imebaki kazi ya binti au dada wa kazi. Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, ni ya wasio na ndugu wa kuwatunza, na yanategemea bajeti ya ustawi wa jamii, si bima.

Hata Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995 tu, zaidi ya karne baada ya ile ya tiba. Sisi hatuna karne ya kusubiri. Zile nyumba za vyumba sita zinavunjwa, yanapanda maghorofa ya maduka. Bima ya zamani inaondoka, na ya kushika nafasi yake bado haijaandikwa.